Wanangu wako Perth, Toronto na London: nikate tiketi moja ya kuizunguka dunia?

Assalaam aleikum,

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Mombasa, nina miaka 63. Nilifundisha Jiografia maisha yangu yote, na sasa nimebaki na nyumba, paka na simu. Wanangu watatu Mola amewatawanya. Kifungua mimba ni muuguzi London. Wa pili anaendesha lori Toronto. Kitinda mimba, binti, ameolewa Perth, Australia, na ana mtoto wa kwanza ambaye mimi bibi yake simjui ila kwa kioo cha simu.

Kiinua mgongo kilitoka. Nimelipa deni la SACCO, nimebadilisha mabati, na kilichobaki nimekinuia kwa safari, niwaone wote watatu kabla magoti hayajagoma. Binti wa jirani akaniambia kuna tiketi ya kuzunguka dunia: unatokea mashariki unarudi kwa magharibi, tiketi moja. Nikacheka. Usiku sikulala. Miaka yote nilikuwa nikizungusha tufe mbele ya watoto na kuwaambia Pasifiki ndiyo bahari kubwa kuliko zote, na mimi mwenyewe sijavuka zaidi ya Zanzibar.

Akaniunganisha na kijana wa WhatsApp anayejiita wakala. Kijana ameniletea safari nzima: Nairobi, London, Toronto, Los Angeles, Sydney, Perth, Dubai, Nairobi. Shilingi 240,000, kila kitu ndani. Ametuma karatasi yenye nembo ya shirika la ndege, jina langu, na herufi sita ambazo anasema ndiyo tiketi. Anataka 80,000 ya kushika nafasi, nitume kwa nambari yake ya simu kabla ya Ijumaa. Viza, anasema, zitafuata, kwa sababu balozi zinataka kuona tiketi kwanza.

Wa Toronto anasema nisitume hata ndururu. Wa London anasema bei ni nzuri, nikikawia itapanda. Wa Perth hakusema lolote juu ya bei. Ameniuliza tu, "Mama, kwani lazima uanze na wao?" kwa sauti ambayo mama huielewa.

Basi nisaidieni. Tiketi ya namna hii ipo kweli? Huyu kijana ni wa kuaminika? Nianzie upande gani? Nina presha, nameza kidonge kila asubuhi. Huko ambako siku zinageuka nitahesabu vipi? Na la mwisho, msinicheke: naweza kubeba mabuyu, achari na halua mpaka Australia?

Mwalimu wa Tufe, Mombasa

*

Waaleikum salaam, Mwalimu, na shikamoo.

Usitume hizo 80,000. Naanza na hilo kwa sababu Ijumaa haiko mbali, na mengine yote yanaweza kungoja.

Njia aliyokuchorea kijana nimeisoma kama wewe ulivyokuwa ukisahihisha ramani ya mwanafunzi na kukuta mto unapanda mlima. Mto wenyewe ni Los Angeles. Mwenye pasipoti ya Kenya hawezi hata kubadilisha ndege Marekani bila viza ya Marekani. Kule hakuna ukumbi wa wapita njia kama ule wa Doha au Addis Ababa. Kila anayeshuka hupitia uhamiaji, hata kama ndege yake ya pili inaondoka baada ya saa mbili. Wakala anayeijua kazi, akishaona pasipoti ya Kenya isiyo na viza hiyo, kitu cha kwanza ni kuikwepa Los Angeles, na San Francisco, na Honolulu. Huyu ama hajui, ama hajali kwa kuwa hatarajii usafiri.

Zile herufi sita ni alama ya kwamba nafasi imeshikwa, si tiketi. Mwenye mtambo wa kukatia tiketi anaweza kushika nafasi kwa jina lako bila kulipa senti, na isipolipiwa kwa muda uliowekwa hujifuta yenyewe. Tiketi ina nambari ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo hutambulisha shirika: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 125 ni British Airways. Mwombe hiyo nambari. Akikupa, usimuulize yeye kama ni ya kweli. Ingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, pale pa kuangalia safari uliyokata, weka herufi sita na jina lako la ukoo, uone kama tiketi imetolewa, au piga simu ofisini kwao. Hata hapo usilale. Kuna tiketi halali kabisa zinazonunuliwa kwa kadi ya benki ya kuibwa. Mwenye kadi akilalamika tiketi hufutwa, na wewe uko Toronto na mabegi yako.

Ndiyo maana swali la unamlipa nani ni zito kuliko la unalipa ngapi. Kenya, wakala wa usafiri anatakiwa awe na leseni ya Tourism Regulatory Authority, na wengi walio makini ni wanachama wa KATA, chama cha mawakala wa usafiri. Uliza leseni, uone ofisi kwa macho, ulipe kwa Paybill au Till inayotokea na jina la kampuni, si kumtumia mtu binafsi. Mfanyabiashara wa kweli hatakasirika ukimuuliza hayo. Akikasirika umeokoa pesa.

Na hilo la balozi kutaka tiketi kwanza ni uongo wa zamani. Uingereza, Canada na Australia zote zinawashauri waombaji wasilipie safari kabla viza haijatoka. Wanachotaka ni mpango wa safari, tarehe na miji, na uwezo wako wa kuugharimia.

Bei je? Shilingi 240,000 ni kama dola 1,850 hivi. Kwa duara zima la dunia, kodi zote ndani, sioni zinavyotosha. Kuondoka London peke yake, kodi ya abiria ya serikali ya Uingereza kwa ndege ya kuja Kenya haipungui pauni 90 kwa daraja la kawaida, na hapo hujaweka ada za viwanja vingine vyote. Nauli halisi za kuzunguka dunia huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Mwanao wa London ana haki kusema nauli hupanda, lakini nauli isiyokuwepo haipandi.

Sasa tiketi yenyewe. Ipo, na jirani yako hakukudanganya. Mashirika ya ndege yamejiunga katika miungano mitatu mikubwa: Star Alliance ulioanza 1997, oneworld wa 1999, na SkyTeam wa 2000. Muungano huuza tiketi moja inayokuwezesha kupanda ndege za wanachama wake mbalimbali ukizunguka dunia. Star na oneworld ndizo ambazo tiketi zao zimezoeleka zaidi, na masharti yao yanafanana. Unakwenda upande mmoja, mashariki au magharibi, hurudi nyuma. Unavuka Atlantiki mara moja na Pasifiki mara moja. Unamalizia nchi uliyoanzia, yote ndani ya mwaka mmoja. Star huhesabu maili, kwa madaraja, kwa mfano ya maili 29,000, 34,000 na 39,000, na hukuruhusu vituo hadi 15. Tiketi ya oneworld iitwayo Explorer huhesabu mabara unayoyagusa, na safari za ndege zisizidi 16. Kenya Airways iko SkyTeam, kwa hiyo kwenye tiketi za hao wengine wawili isahau.

Kwa wewe wa Mombasa, Star ina tamu yake: Ethiopian inatua uwanja wa Moi hapo Mombasa, huna haja ya kwanza kupanda treni ya Miritini kwenda Nairobi. Chukua tufe lako ufuate. Mombasa, Addis Ababa, Singapore, kwa Ethiopian. Singapore hadi Perth kwa Singapore Airlines. Perth hadi Sydney utajikatia tiketi yako mwenyewe, kwa sababu ndani ya Australia Star hawana ndege. Maili za kipande hicho bado watazihesabu. Sydney hadi Vancouver kwa Air Canada, na hapa ndipo penye siri ya safari nzima: ni kuvuka Pasifiki moja kwa moja mpaka Canada bila kugusa Marekani. Vancouver, Toronto, London, bado kwa Air Canada. London, Addis, nyumbani. Nimeijumlisha: karibu maili 28,000. Inaingia kwenye daraja la 29,000.

Kwa oneworld njia ina vituo vichache zaidi. Nairobi, Doha, Perth kwa Qatar Airways. Perth, Hong Kong, Toronto kwa Cathay Pacific, na Hong Kong haimsumbui mwenye pasipoti ya Kenya. Toronto, London, Nairobi kwa British Airways. Ndege sita tu, na kila mji wa mwanao unafikiwa kwa kubadilisha ndege mara moja au bila kubadilisha kabisa. Kwa magoti yako ningependa hii. Lakini inagusa mabara mengi, na pale bei hufuata idadi ya mabara.

Miungano yote miwili ina ukurasa wa kupangia safari hizi kwenye tovuti yake. Keti na kijana wa nyumbani anayejua kompyuta, mweke miji, mwone bei inavyobadilika. Mtaona jambo la ajabu: njia ileile bei yake hutegemea nchi unayoanzia. Wazungu wenye uzoefu huruka mpaka Cairo au Johannesburg ili tu waanzie huko. Afrika Kusini Mkenya huingia bila viza, kwa hiyo unaweza kuijaribu kwenye kompyuta, ila kumbuka utamalizia hukohuko, na tiketi za kwenda na kurudi Johannesburg ni zako. Ushauri mwingi wa safari nafuu umeandikwa na watu ambao pasipoti zao hazigongi mlango. Wanakwambia ondokea Dublin ukwepe kodi ya London, kama kwamba viza ya Ireland inaokotwa barabarani.

Hapo ndipo ninapofika kwenye shaka yangu. Tiketi ya kuzunguka dunia umelipia nafasi ya kusimama mara 15, uzitumie usizitumie. Mwenye mwaka mzima na hamu ya miji 12 hufaidi. Wewe una miji mitatu. Kwa hiyo usinunue hata hiyo ya halali kabla ya kuweka bei tatu kwenye daftari. Ya kwanza ni hiyo ya muungano. Ya pili ni tiketi mbili tofauti: Mombasa au Nairobi kwenda na kurudi Perth, kisha, msimu mwingine, tiketi ya miji mingi ya Nairobi, London, Toronto, Nairobi. Kwenye tovuti za kutafutia nauli kuna mahali pa kuchagua safari ya miji mingi badala ya kwenda na kurudi. Watu wengi hawapagusi. Ya tatu ni duara lilelile kwa vipande vya kwenda tu. Hiyo ya tatu huvutia, kwa sababu kipande kimojakimoja huonekana rahisi. Lakini tiketi zikiwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe. Na mwenye tiketi ya kwenda tu huulizwa kwenye kaunta ya Nairobi, kabla hata ya uhamiaji wa huko aendako: utaondokaje? Wale wasichana wa kaunta hawakuonei. Kompyuta yao inawaonyesha masharti ya kila pasipoti kwa kila nchi, na abiria akirudishwa shirika ndilo linalotozwa.

Kwenye kompyuta, ukiona Toronto kwenda Australia kwa bei ya kuchekesha, angalia inapita wapi. Mara nyingi ni Los Angeles, au Dallas, au Honolulu. Mto uleule.

Mimi ningekuelekeza kwenye tiketi mbili, Mwalimu, hata zikizidi lile duara kwa shilingi kadhaa. Sababu ni viza. Unahitaji tatu: Australia, Canada, Uingereza, na ada zake hazirudi ukinyimwa. Tuseme Australia wanakataa. Duara halina maana tena, maana Pasifiki unaivuka kwenda wapi? Ukiwa na mpango wa tiketi mbili, umepoteza nusu ya safari na nusu ya pili ipo. Na tiketi ya duara ina ukali mwingine: usipotokea kwenye ndege moja bila kutoa taarifa, zote zinazofuata hufutwa. Kubadilisha tarehe si kazi. Kubadilisha njia hutozwa na hupigiwa hesabu upya. Mjukuu akiugua Perth ukataka kukaa, tarehe utasogeza. Ukitaka kurudi nyumbani kwa njia uliyojia, hapana.

Lakini nimeisoma tena barua yako, pale pa tufe na Pasifiki, na sitaki kukunyang'anya hilo kwa ajili ya hesabu. Viza zote tatu zikitoka kabla hujalipa, na tofauti ya bei si ya kukuumiza, zunguka. Sharti ni hilo la "kabla hujalipa", na hapo sikupunguzii hata siku moja.

Ombi la Australia anza nalo. Linafanywa kwa intaneti na viza huja kwa barua pepe bila kubandikwa, pasipoti inabaki mkononi mwako, ingawa unaweza kuitwa Nairobi kwa alama za vidole. Binti yako awe tayari na barua ya mwaliko na hati zake za ukaazi. Ya Canada nayo huanzia kwenye intaneti, alama za vidole Nairobi, kisha wakikubali wanaitaka pasipoti waibandike; kwa kawaida huwa ya kuingia mara nyingi na huweza kudumu miaka kadhaa, kwa hiyo haiharibiki ukiipata mapema. Ya Uingereza iwe ya mwisho, kwa sababu ya hesabu ambayo mwalimu ataipenda. Viza ya kawaida ya matembezi ni ya miezi sita tangu tarehe ya kuanza, na ombi hukubaliwa ndani ya miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo. Wewe ukizunguka utafika London Juni, na utakuwa umetoka Kenya tangu Februari. Basi omba Januari, tarehe ya kuanza uiweke mwanzoni mwa Aprili, na utakuwa na nafasi mpaka mwanzoni mwa Oktoba. Pasipoti yenyewe iwe na uhai wa kutosha kupita mwisho wa safari na kurasa tupu za kutosha. Maafisa wa viza kwa mama mstaafu wanatafuta jambo moja, kama utarudi: risiti za pensheni, hati ya nyumba, taarifa za benki zisizoingizwa fedha za ghafla wiki moja kabla.

Nimesema Februari, na nimesema Perth kwanza, hukuniuliza kwa nini. Uliniuliza uanzie upande gani, na jibu uliliandika wewe mwenyewe kwenye barua. Mtoto wa kwanza, ugenini, mama hayupo. Hao wawili wengine ni watu wazima wenye kazi zao, watangoja. Mwambie binti yako leo, hata kabla ya viza, kwamba unaanza na yeye.

Na safari yenyewe inakubali. Februari na Machi Perth kuna joto kavu, halafu linapungua. Mei unatua Canada theluji imeshayeyuka. Juni na Julai London kuna jua mpaka saa tatu usiku. Ungekwenda kinyume kwa kuanza na London Februari, ungefika Toronto na baridi ambayo koti la Mombasa halijui. Ukienda mashariki utahitaji kadi ya manjano: Australia huitaka kwa aliyelala nchi yenye homa ya manjano ndani ya siku sita kabla ya kufika, na Kenya imo. Ukichanja sasa imetosha maisha yako yote. Tangu 2016 kadi haiishi muda.

Kidonge cha presha. Ukitoka Sydney kwenda Vancouver unavuka ule mstari wa tarehe uliokuwa ukiuchora kwa chaki, kutoka magharibi yake kwenda mashariki yake, na siku inajirudia. Unaondoka mchana wa Jumanne, unatua asubuhi ya Jumanne hiyohiyo, kabla ya saa uliyoondokea. Asubuhi mbili, Jumanne moja. Ukimeza kila uonapo asubuhi utakuwa umemeza viwili kwa muda wa kimoja. Hesabu saa 24 tangu kidonge cha mwisho, usiangalie dirisha. Weka kengele ya simu, na umuulize daktari wako kabla ya safari jinsi ya kusogeza polepole mpaka asubuhi ya Canada. Vidonge viwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, na barua ya daktari. Australia humruhusu mgeni dawa zisizozidi za miezi mitatu kwa matumizi yake.

Bima ya safari usiikwepe, hasa kwa Canada, ambako mgeni hulipa hospitali kwa mfuko wake. Na hakikisha imeandikwa kwamba inashughulikia presha uliyokuwa nayo tangu zamani. Bima ya bei rahisi kuliko zote huwa rahisi kwa sababu hiyo. Wakati wa kukata tiketi omba kiti cha magurudumu viwanjani. Ni bure, si aibu, na kwenye viwanja vya ukubwa wa Heathrow anayekusukuma ndiye anayejua njia.

Mabuyu sasa, na sicheki. Australia ni wakali wa chakula kuliko wa pesa. Ndani ya ndege utapewa fomu inayouliza kama umebeba chakula, mbegu, mimea. Jibu ni ndiyo, hata kama ni pipi. Ukitangaza, afisa anaangalia: kinachopita kinapita, kisichopita anakitupa, mnaagana vizuri. Usipotangaza, mbwa wanapita kati ya mabegi, na faini hufika maelfu ya dola. Mgeni anaweza hata kufutiwa viza palepale. Mabuyu ndani ni mbegu, kwa hiyo yaache. Halua ina samli, na vitu vya maziwa vina masharti yao. Achari ya kiwandani, chupa imefungwa na imeandikwa viungo, ina matumaini kuliko ile yako ya ndimu uliyoianika juani, ingawa sote tunajua ipi ni tamu. Beba kidogo, kiwe juu ya begi, ukitangaze.

Toronto na London utafika umeshakaa miezi njiani, kwa hiyo hao wasikutie maagizo. Wakitaka halua waje Mombasa.